Papa Anselme Ndani ya Televizio

Wakati wa vita, siye watoto wa Mudzipela tulijua siri moja ambayo hata wenye bunduki hawakuijua: watu waliokimbia mtaa wetu hawakwenda mbali. Waliingia ndani ya televizio za Noko Faustin. Mucheke kama munataka. Mimi niliamini jambo hilo kuliko katekisimu, na katekisimu niliijua mpaka kurasa ambazo padri mwenyewe alikuwa amezisahau.

Noko Faustin, kaka ya mama, alikuwa fundi wa televizio, tena za nwar-blan tu, nyeusi na nyeupe. Za rangi hakuzitaka. Alisema rangi ni ya kuficha makosa ya picha. Mtaa ulipoanza kukimbia, watu waliona televizio haibebeki kichwani pamoja na godoro, sufuria na mtoto. Wakamuletea yeye. "Utulindie, Faustin," wakasema, wakaenda. Naye akawaahidi kila mmoja kwamba siku atakayorudi ataikuta inaonesha.

Ee ndugu zangu muliozaliwa miaka yetu, mungeona ile sebule. Zilipangwa mpaka dari: za mbao zenye miguu minne kama mbuzi, ndogo za plastiki zenye antena mbili kama pembe za swala, na moja yenye milango na ufunguo kama tabernakulo. Noko akifungua mgongo wa moja, ndani kulikuwa na lampe za kioo, akiziwasha zinaiva polepole, nyekundu, mpaka unaona mji mzima umelala mule. Kulinukia vumbi linaloungua na risasi ya kuunganishia waya, risasi pekee iliyofanya kazi ya maana Bunia mwaka ule.

Na siri tuliipata kinywani mwake mwenyewe. Asubuhi anapiga kofi ubavuni mwa ile yenye milango, anamwambia mama: "Mama Rosalie iko nakohoa leo." Anageukia ingine: "Muzee Matayo anaona vitu mara mbili mbili." Sasa mutoto afikiri nini? Mama Rosalie alikuwa jirani, muuza mihogo, ametoweka na watu wa nyumba yake yote, na hapa anakohoa ndani ya sanduku. Tukaanza kuwasalimia. Mimi nilikuwa napitisha karanga kwenye matundu ya nyuma, na Noko alishangaa miaka mingi ni panya gani wa Mudzipela anahifadhi karanga zilizokaangwa.

Siku moja mchana akaingia kijana mwenye bunduki ndefu kuliko yeye. Akauliza hizi televizio zote ni za nani. Noko, bila aibu, akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa kidole: huyu Mama Rosalie, huyu Muzee Matayo, huyu Papa Anselme. Moyo wangu ulidunda mpaka nadhani walisikia kwenye migodi ya Kilo. Nikamuomba Mama Rosalie kimoyomoyo asikohoe. Kijana akaamuru ile ya milango iwashwe. Ikawaka, ikaonesha neige tupu, ile mvua nyeupe inayochemka kama mafuta ya maandazi.

"Haina rangi?" akauliza.

"Ata moja," Noko akajibu. "Zote ziko hivi, petit. Ubebe ile unapenda, ila iko nzito."

Kijana akaangalia mvua kidogo, akasonya, akaenda zake. Nikasema moyoni, Noko ni mwerevu, amewaficha watu mbele ya macho yake.

Lakini Papa Anselme ndiye aliyenitia huzuni. Alikuwa muuza samaki mwenye kicheko kilichofunga mjadala wowote, baba yake Déda, rafiki yangu wa benchi moja shuleni. Walikimbia kwenda kwao upande wa Mahagi, habari zao zikakatika. Televizio yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Noko akaifungua, akachungulia, akamwambia mama kwa sauti ya kawaida kabisa: "Anselme amekufa."

Sikula siku hiyo. Mama akadhani malaria, akaninywesha dawa chungu. Mwishowe nikamuuliza Noko kama mtu akifa mule ndani anaweza kurudi. Akacheka: "Atafufuka, nipate lampe tu."

Lampe hiyo aliitafuta kama dawa. Ikatoka Kilo: mchimba dhahabu mmoja alileta redio ya zamani iliyofungwa ndani ya shati, Noko akampa jogoo wetu mkubwa, akang'oa ndani ya redio kile kioo kimoja. Jumapili baada ya misa akaazima video na groupe ya kuzalisha umeme, maana siku hiyo umeme ulikatika, akatia kaseti ambayo Papa Anselme mwenyewe aliiacha juu ya sanduku, ya ndoa ya binti yake mkubwa. Kwanza giza. Kisha mstari. Kisha neige. Kisha, mbele ya mtaa mzima uliobaki, Papa Anselme akatokea anacheza, koti la kijivu, meno yote nje. Nimeona mengi tangu siku hiyo, sijaona kitu kikubwa hivyo. Noko alipozima, picha ikajikunja ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo, nami nikaiambia ilale salama.

Siku hizi watoto wangu wana simu inayoonesha dunia nzima kwa rangi zote, nao wanachoka kabla video haijaanza. Hawajui kungoja lampe iive. Hawajawahi kuona nukta. Mimi nilisoma masomo ya jioni, mwalimu akatueleza habari za elektroni. Nilielewa yote, nikafaulu, na sikushangaa hata nusu ya Jumapili ile. Mpaka leo nazikusanya nwar-blan na kuzifufua. Mke wangu anasema nyumba imebaki na nafasi ya mtu mmoja na nusu.

Vita ilipopoa, watu wakaanza kurudi kuchukua vyao, na Noko akawawashia kimoja kimoja kama alivyoahidi. Ndipo nikamuona Déda barabarani na mama yake, amerefuka, amekonda. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamwambia: "Kuja mbio, papa yako iko kwa Noko. Alikufa, lakini alifufuka."

Akaingia. Noko akatia kaseti. Déda akatazama akiwa amesimama, kicheko kile chote, ngoma ile yote, mpaka Noko akazima, mpaka nukta ikaisha.

"Hii ni televizio yetu," akaniambia. "Papa, tulimuzika Mahagi-Port."