Ijumaa Ile Niliwasha Mashine Zote

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Msinitafutie sababu. Ulikuwa wivu tu, wivu mtupu!

Nasoma chuo kimoja hapa Goma. Kwa miaka miwili nilikuwa msimamizi wa chumba cha kompyuta. Jenereta ilikunywa mafuta ya mazutu kutwa nzima, moshi mweusi ukawaingia wenzetu madarasani wakakohoa, oili ikatiririka hadi kwenye maharagwe ya jirani. Mimi niliona ni kawaida.

Akaja binti mmoja aliyekimbia vita kutoka Kibumba. Nitamwita Furaha, si jina lake. Alikaa kambini na shangazi yake. Mama yake na wadogo wake wawili walibaki kulinda shamba. Muda si muda akasema tukae wawili wawili kwenye mashine moja, tupunguze mwanga wa skrini, na anayetoka azime kabisa. Nilimcheka. Kumbe sola zilizokuwa juu ya paa zilitosha! Jenereta ikanyamaza, na batri zikabakiza hata umeme wa kuchaji simu za wanafunzi wa kambini.

Chuo kizima kikawa Furaha, Furaha. Mkuu wetu akampa usimamizi wa chumba mbele ya macho yangu, akaniambia nijifunze kwake. Nijifunze! Kwa mtu aliyefika jana na ndoo na godoro! Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda.

Ijumaa moja adhuhuri, Furaha alizima mashine zote, akazipitia moja moja, akafunga mlango. Alipoondoka nilifungua kwa ufunguo wa akiba ambao sikuurudisha. Nikawasha zote ishirini, mwanga juu kabisa. Nilitaka Jumatatu batri ziwe zimekufa, jenereta ingurume tena, watu wamcheke. Hilo tu, naapa!

Jumamosi ikanyesha, jua hakuna, na umeme wa mjini ulikuwa umekatika tangu Jumatano. Asubuhi Furaha alikuja kuchaji simu, akakuta batri hazina kitu, na jenereta haiwashwi Jumamosi. Alizunguka mjini na simu iliyozima mpaka saa tisa.

Siku hiyo hiyo vita vikarudi kwao Kibumba. Furaha alikuwa amepatana na mama yake kwamba mama asiondoke kabla ya kumpigia, ili yeye, anayepata habari kambini, amwambie njia ipi ni salama. Habari aliileta chuoni jirani yao aliyekimbia, nami nimesimama pale pale.

“Mama yako alikupigia mara tatu, mutoto wangu. Haukushika. Akasema basi, tuende kwa dada yangu Kalengera.”

Huko ndiko mapigano yalikokuwa makali. Mama na wadogo zake wawili hawajaonekana hadi leo.

Mnajua Furaha, anayeniita yaya kwa kuwa nimemzidi umri, aliniambia nini? “Yaya, ni mie nilisahabu kuzima mamashini. Ni mie nilipoteza mama.” Nikamjibu pole. Pole, na ufunguo uko mfukoni mwangu!

Sasa hajiamini tena. Kila jioni ananiomba, “Yaya, pita nyuma yangu, uangalie kama nimezima.” Napita, naangalia. Ananishukuru! Nimeanguka mtihani, nimekonda, hata kanisani sikanyagi.

Wewe unayemwonea mwenzako wivu, mnunie, msengenye ukishindwa kabisa, lakini usiguse kazi ya mikono yake. Hujui nani mwingine anaitegemea.

Mdomo umenishinda, ndiyo maana naandika. Dada yangu, kama unasoma hapa: Ijumaa ile ulizima mashine zote. Zote ishirini.