Fundo la Fundi Cherehani

Tangu mkewe atangulie mbele za haki, Mungu amrehemu, fundi cherehani aliwalea wanawe watatu bila kunung'unika, ila kila Jumamosi wivu ulimkaba. Ndiyo siku shemeji yake alipokuja kumsuka kitinda mimba, na wote watatu, hata kaka mkubwa aliyekwisha ota ndevu, walikimbilia mlangoni: "Mama mdogo huyo!" Yeye aliyewapikia na kuwafulia wiki nzima, hakuna aliyewahi kumkimbilia.

Ijumaa moja alimkalisha binti katikati ya magoti, akamsuka mwenyewe kwa uzi mweusi wa dukani kwake. Kila msuko aliufunga kwa fundo lile lile analofungia vifungo vya koti.

"Baba, unanivuta!"

"Tulia, mama. Kazi yangu haijawahi kufumuka."

Mtoto wa kati alichungulia. "Kafanana na brashi ya choo!"

Kesho yake mama mdogo alikiona kichwa kile, akacheka hadi akakaa chini. "Shemeji, umemsuka au umefunga mzigo?" Aliinuka, akajaribu kufumua, akashindwa, akaomba mkasi.

Binti akafunika kichwa kwa mikono miwili. "Usiguse! Kanisuka baba."

Kicheko kikamkauka mama mdogo. Akarudisha kitana mkobani polepole, macho chini. Fundi aliijua sura ile, maana ndiyo yake ya kila Jumamosi. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, papo hapo akaona haya, akamsogezea kiti.

"Kaa, shemeji. Nifundishe kusuka."