Siku Mfereji Ulipokohoa

Mfereji wa jikoni uliogandishwa na baridi haurudishi maji kimya kimya. Kwanza unakohoa. Unakohoa kikohozi cha mzee mvuta tumbaku, kho, kho, halafu unatema upepo, halafu unatema maji ya rangi ya chai, ndipo yanapokuja yenyewe. Sauti hiyo niliisikia tena majira ya baridi yaliyopita, hapa kwangu Thornton Heath, huku Ulaya, niko peke yangu jikoni na chapati inaungua. Nitawaambieni kilichonipata, lakini si sasa. Mniruhusu nianzie mbali, mimi kuanzia karibu sijui. Skuli niliisoma robo tu, na mwalimu wangu akisema insha zangu ni mbuzi aliyekata kamba. Basi nifuateni hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Tottenham, vyumba viwili vya juu na jiko, Baba, Mama na mimi. Unguja tulitoka nikiwa wa kubebwa, tukapita Mombasa, na kwa nini tulitoka hakuna aliyenieleza. Nikiuliza, Mama ananiambia, "Kula." Basi nikala. Nilikuwa mtoto mnene sana.

Mama alikuja Ulaya na mchi. Kinu kilikuwa kizito, wakakiacha, lakini mchi ulisafiri umeviringishwa ndani ya mkeka, mti mgumu, mweusi kwa mafuta ya mikono, unanifika kidevuni. Wenzake walimcheka: "Bi Zuhura, mchi bila kinu, utatwanga hewa?" Akawajibu kuwa mume bila nyumba anaye na bado anampikia. Alitwangia thomu na pilipili ndani ya debe la rangi, na kila akitwanga, mzee wa chini alituitikia kwa fimbo ya fagio darini kwake, du, du, du. Ndiyo maana tukamwita Bwana Fagio. Alikuwa Mwingereza, mkavu, anaishi peke yake. "Anaitikia mdundo," Mama alisema, "tungekuwa na zumari tungefanya harusi."

Baba hakucheka. Baba alikuwa mtu wa mkono. Sitaki kumfunika, yeye kesha kufa na mimi niko njiani. Alipiga mlango ukigoma kufunguka, alipiga redio ikikwaruza, na mimi alinipiga kwa kiatu, kwa mkanda, kwa chochote kilichokuwa karibu. Lakini Mama, Baba hakuwahi kumpiga hata siku moja. Alifanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate, mchana analala, na mimi nilijifunza kutembea kwa ncha za vidole mpaka leo watoto wangu wananiambia nawashtua.

Na kitu kingine mjue, maana ndicho chenyewe. Mimi nilikuwa mdomo wa nyumba. Kwa daktari, posta, kwa mwenye nyumba, nilisimama katikati nikipeleka maneno huku na kurudisha huku. Mama alikuwa akinionya, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Nilidhani ananikataza kutafuna bazoka mbele ya wakubwa.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa na meno. Madirisha yaliganda kwa ndani, ukiandika jina lako kwa ukucha linakaa siku mbili. Maziwa ya chupa mlangoni yaliganda yakasimama, yakainua vifuniko vyake kama kofia. Halafu asubuhi moja tukafungua mfereji, haukutoa hata chozi. Siku tatu hatuna maji. Mama aliyeyusha theluji sufuriani, tukanawia theluji ya Tottenham, ina masizi yake na unywele wa paka.

Kwetu, maji yakikatika, mfereji huufungi. Unauacha wazi, unaweka ndoo chini yake, maji yakirudi ndoo inakuita. Na mtoto atakayesikia wa kwanza anatoka mbio uwanjani, "Maji yamerudi!", na siku hiyo yeye ndiye mfalme wa mtaa. Hayo sikuyaona kwa macho yangu, Mama alinihadithia, lakini niliyatamani kuliko pipi.

Baba alikataza. Mwaka uliotangulia maji yetu yalipenya sakafuni yakamlowesha Bwana Fagio kitandani mwake, na mwenye nyumba alikuja mwenyewe akasema, mimi ndiye niliyemfasiria: mara nyingine moja tu, mnatoka na mizigo yenu. Kwa hiyo Baba alisimama mbele ya sinki akasema, "Hapa si Unguja. Mfereji ufungwe. Atakayeufungua nitamvunja mkono." Nyumba yetu ilikuwa imening'inia kwenye mfereji ule.

Mimi nikaufungua.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Mama alikwenda kazini kwake, alikuwa akifagia hospitali, Baba amelala. Niliufungua taratibu, nikaweka ndoo ndani ya sinki, juu ya tundu la kupitishia maji, nikaenda kukaa karibu na hita ya mafuta ya taa na mtoto wangu wa matambara. Nilitaka niwe mfalme wa mtaa. Joto na ile harufu ya mafuta vikanilaza. Nikasikia kikohozi usingizini, kho, kho, nikafurahi usingizini, na nilipoamka soksi zangu zilikuwa zimelowa.

Ndoo ilikwisha kufurika, na sinki nayo. Lakini hayo yalikuwa madogo. Bomba chini ya sinki lilipasuka ubavu, maji yalirushwa ukutani kwa nguvu, yanarudi, yanapiga sahani, yanapiga dirisha, jiko zima linanguruma. Nilikimbilia mfereji nikauzungusha kwa mikono miwili, ukagoma, vidole vimekufa ganzi. Mara Baba huyo mlangoni, na msuli wake kiunoni, macho mekundu. Nikageuka haraka, nikauegemea ukingo wa sinki kwa mgongo wangu, mkono mmoja nyuma, nazungusha.

Hakuuona mfereji. Aliliona bomba. Akauchukua mchi nyuma ya mlango akaanza kulipiga. Wallahi, alilipiga kama anavyonipiga mimi, na maneno yale yale: "Kaa! Nimekwambia kaa! Husikii?" Pigo la tatu bomba likakatika kabisa, maji yakamtandika kifuani akarudi nyuma hatua mbili. Akalipiga tena. Mtu anapigana na maji, mchi unarudi umelowa, unamteleza, anaushika tena.

Ndipo tuliposikia viatu kwenye ngazi.

Bwana Fagio alipanda akipiga kelele, shati limemganda mwilini, chokaa ya dari kichwani, na mkononi ana chuma kirefu chenye kichwa kama herufi T. Alisimama juu ya ngazi. "Water!" alikuwa akisema. "Water!" Alisema dari lake limeanguka. Alisema tumpishe, pa kufungia maji ni ndani ya kabati dogo hapo ngazini, nyuma ya gunia letu la mchele, na chuma cha kufungia anacho. Halafu akauliza, nani kaacha mfereji wazi?

Nilimwelewa neno kwa neno.

Baba akanigeukia, akanitazama usoni. "Anasema nini huyu?"

Nyinyi mlikuwa watoto, mnajua hesabu hii inavyopigwa upesi. Nikisema anauliza mfereji, Baba atatazama nyuma yangu. Mkono wa Baba siku ile ulikuwa lazima umwangukie mtu.

"Anasema atatuua, Baba."

"Na hicho chuma?"

"Anasema ndicho cha kutuulia."

Nilidhani watagombana. Nilidhani Baba atatukana, atamsukuma, mlango utabamizwa, na mimi nitapata nafasi ya kuufunga mfereji. Sikumjua baba yangu. Hakutukana. Uso ulimgeuka mweupe kama unga, akatoka na mchi ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayejua kazi hiyo.

Pigo la kwanza lilimpata Bwana Fagio mkononi, karibu na kiwiko, na mkono ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Chuma kililia ngazini kikishuka. Mzee naye akashuka, chali, kichwa mbele, na maji yetu yakimfuata kidaraja kwa kidaraja. Baba akamfuata. Alipofika chini akampiga mguu, akampiga tena, akainua akakosa akautoboa ukuta, na muda wote akipiga kelele, si kwa Mzungu, kwa mtu mwingine ambaye hayupo: "Khamisi, pita nyuma! Khamisi, toka, wanapanda!" Mimi nilikuwa juu nimeshika nguzo ya ngazi. Khamisi simjui. Nyumba nzima hapakuwa na Khamisi.

Mlango wa mbele ukafunguka, Mama anarudi kutoka kazini na mfuko wa vitunguu. Hakuuliza. Aliuangusha mfuko akajitupa, akamlalia yule mzee juu na koti lake na ushungi wake, na mchi uliokuwa unashuka ukamshukia yeye begani. Nimezaa wanne, nimezika mume, sijapata kusikia sauti kama ile.

Baba akauachia mchi. Ukaelea kwenye maji ya ukumbini pamoja na vitunguu.

Mama hakujua Kiingereza hata cha kununulia chumvi. Alikaa kitako ndani ya maji, akakiokota kile chuma kwa mkono mzima, akamwonesha mzee: "Wapi, baba? Wapi pa kufunga?" Kwa Kiswahili. Na mzee, damu inamtoka puani, akanyoosha kidole cha mkono wake mzima juu, kwenye kabati. Mama akapanda, akalisukuma gunia kwa mguu, akafunga. Maji yakanyamaza. Haikuchukua muda wa kumaliza Qul-huwa-Llahu. Halafu akaingia jikoni, akaiona ndoo, akauona mfereji, akaniona mimi. Akaufunga mfereji. Kwake yeye ulifungika.

Walipokuja polisi niliitwa nifasiri, mdomo wa nyumba. Askari akataka kujua kwa nini. Baba alikaa kitini, amelowa, akanitazama. Nilijua sasa atasema, mtoto kaniambia. Akasema, "Mwambie nimempiga mimi. Basi." Nikalipeleka neno hilo kama lilivyo. Siku nzima ndilo pekee nililolipeleka kama lilivyo.

Alifungwa miezi. Mwenye nyumba alitutoa kama alivyoahidi. Mkono wa Mama wa bega lile haukupanda tena juu ya sikio, nikawa namsuka mimi, nikawa natwanga mimi, na nilipofika umri wa kuruhusiwa niliacha skuli nikaenda kufagia hospitali mahali pake. Bwana Fagio nilimwona mara moja tu, sokoni, anachagua viazi kwa mkono wa kushoto. Nilijificha nyuma ya muuza mapazia mpaka akapita. Jina lake la kweli nilikuwa nalijua, nilikuwa nikilisoma kwenye barua zake. Sikumwita.

Nilisahau kuwaambia habari za fundi. Kabla hatujahama alitokea fundi wa mabomba, kutoka Neasden, Mhindi wa Kampala, na Kiswahili chake cha dukani. Mama alimwambia bomba limepasuka Jumamosi. Akacheka kwa huruma. "Hapana, mama. Hii napasuka zamani, siku ile baridi naingia. Barafu nashika yeye, wewe hapana ona. Jumamosi barafu naondoka tu." Sikuyatia maanani, kwamba hata ningeuacha mfereji umefungwa, bomba lingemwaga vilevile. Nilipokuwa na miaka kumi na sita Mama alinieleza Khamisi ni nani: ndugu yake Baba, mkubwa. Kule Unguja watu walipanda ngazi kwao na vyuma mkononi, Khamisi akawa mbele, Baba alikuwa nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango ndipo alipobaki mpaka walipommaliza Khamisi. Mama alinieleza hayo anachambua mchele, halafu akasema, "Kula."

Baba hakunipiga tena tangu jela. Alizeeka, akawa mpole, akawa mtu wa dirishani. Alasiri moja namnywesha maji kwa kijiko, miaka mingi imepita, hatujawahi kuitaja siku ile hata kwa fumbo, akausukuma mkono wangu.

"Water," akasema. "Neno hilo nilikuwa nalijua. Bread, work, water. Kiwandani walitufundisha siku ya kwanza."

Nilikiweka kijiko. Nikamuuliza basi kwa nini, Baba, kama ulisikia.

"Nilikutazama usoni. Nikaona hofu ya kweli, hofu ya mtu anayejua anakuja kuuliwa. Mimi hofu hiyo naijua. Nikaliacha neno la Mzungu, nikausadiki uso wa mwanangu." Akapumua. "Jela ndipo nilipopata nafasi ya kufikiri. Wakati ule ulikuwa umenitazama mimi, si yeye."

Sikukataa. Nilimfuta kidevu, nikamwambia amalize maji.

Miaka yote nilibeba uwongo wangu peke yangu nikijiona mimi ndiye niliyeushusha mchi ule, na kumbe mwenzangu alikuwa upande wa pili ameubeba vilevile, na kila mmoja akimficha mwenziwe. Hayo sikuyaelewa nikiwa na miaka tisa. Na kuelewa nako, nawaambieni kweli, hakufiki kila mahali mwilini. Maana majira ya baridi yaliyopita, mfereji wangu ulipokohoa, ndani ya nyumba yangu, kodi nalipa mimi, hakuna mtu mwingine, chapati inaungua na mimi siitazami. Nilijikuta nimeegemea sinki kwa mgongo, natazama mlangoni, na mkono mmoja nyuma, nazungusha.