Ubeti Ambao Fulgencio Hakuujibu

Kila Jumatatu gari la mitungi ya gesi likipita mtaa wa kanisa, kipaza sauti chake hupiga "Mvushaji", na kila Jumatatu, kwa miaka mingi, Fulgencio Tadeo, mchonga magitaa, aliweka patasi chini, akafunga dirisha na kusubiri lipite. Ilikuwa kazi bure. Wimbo huo huimbwa kwenye ubatizo, huimbwa arusini, na watoto wa shule ya msingi huuimba uani kabla ya masomo. Hakuna ajuaye aliyeutunga. Umedumu kwa sababu hauna mwisho: mmoja hutoa ubeti wake, na yule aliyelengwa hutoa wa kujibu, juu ya sauti ileile ya kale. Kwa watu wa mto huu wa Veracruz, kuacha ubeti bila jibu ni sawa na kumwacha mtu mlangoni akipiga hodi.

Fulgencio alimwacha mtu mlangoni miaka kumi na saba.

Mtu huyo ni Hermilo Cobos, mkata miwa, rafiki yake tangu utoto. Fulgencio ndiye aliyemsimamia binti yake Eloína kwenye ubatizo, akawa padrino wake, baba wa ubatizo, na tangu siku hiyo wanaume hao hawakuitana kwa majina tena, waliitana kompadre.

Ugomvi ulianza kwa mzaha. Ilikuwa sikukuu ya Kandelaria, tarehe pili Februari. Wapigaji walikuwa wamelizunguka jukwaa la mbao, wanawake wakipiga visigino juu yake, na Fulgencio amekuja na harana mpya, gitaa dogo la nyuzi nane alilolichimba katika kipande kimoja cha mwerezi. Hermilo akaimba kwamba harana ya kompadre inalia kama mbuzi aliyekabwa na kamba yake. Watu wakaangua kicheko.

"Mjibu, Fulgencio!" mmoja akapiga kelele. "Mwambie afadhali mbuzi, yeye analia kama punda!"

Ndivyo inavyotakiwa. Kejeli hulipwa kwa kejeli, kisha watu hula tamale za unga wa mahindi pamoja. Lakini mwerezi ule Fulgencio alikuwa ameukausha miaka minne, na sifa ya mikono yake aliiweka juu kuliko urafiki. Akaitia harana katika mkoba wake, akaenda nyumbani.

Mwaka uliofuata, palepale, Hermilo alisogea mbele yake, akaimba:

Ng'ambo hii nasimama,
Mvushaji nakuita;
Kama neno liliuma,
Lilikuwa si la vita.

Wanawake wakapunguza kishindo cha miguu ili jibu lisikike. Wapigaji wakaurudia mzunguko wa wimbo mara moja, mara mbili. Hermilo akaurudia ubeti wake kwa sauti ya chini zaidi. Fulgencio akamgeuzia mgongo.

Mlevi akitukana, watu humsamehe kunapokucha. Ni vigumu kumsamehe mtu mzima, mwenye akili zake, aliyesikia ombi la amani akajifanya kiziwi. Na adhabu yake haikukawia. Ubeti ule ulikuwa mzuri, watu wakaupenda. Kufikia Pasaka ulikuwa umeingia ndani ya wimbo, na kijiji kizima kikawa kinamwimbia Fulgencio ombi la Hermilo bila hata kukusudia.

Kila Kandelaria alijiambia, mwaka ujao. Kumi na sita zilipita hivyo. Mwaka wa kumi na saba, mwanzoni mwa Januari, Eloína alikuja karakanani.

"Padrino, baba anaumwa. Mapafu."

Fulgencio hakuinua macho. "Namchongea harana. Nitamletea Kandelaria."

"Harana ya nini? Hata kijiko kinamshinda. Njoo wewe."

"Vanishi haijakauka, binti yangu. Mwambie Kandelaria."

Hermilo alizikwa siku tatu kabla ya Kandelaria. Vanishi ilikuwa imeshakauka tangu wiki moja nyuma.

Mwaka ulipotimia tangu mazishi, baada ya sala ya mchana, familia ya Hermilo iliweka jukwaa uani, kama marehemu alivyoagiza. Fulgencio alikuja na ile harana aliyomchongea. "Mvushaji" ulipoanzishwa, alivua kofia, akaomba ruhusa kwa wapigaji kama ilivyo desturi, akaimba:

Nimeisikia hodi,
Kasia nalishikia;
Ndugu yangu wa ahadi,
Ngoja hapo, nakujia.

Eloína alikuwa juu ya jukwaa. Miguu yake ikasimama.

"Huo umeutunga lini, Bwana Fulgencio?"

Hakumwita padrino. Fulgencio alilisikia hilo kabla ya kulisikia swali.

"Siku ileile," akasema. "Baba yako hajamaliza mstari wa nne, ninao tayari."

"Unao tayari."

"Ndiyo."

"Kila Kandelaria alikaa pale mlangoni na harana yake imeshatiwa sauti. Mama akimwambia ingia ndani, mzee, utapigwa na baridi, anajibu, 'Niache, kompadre atakuja. Mnajua yule ni mzito wa vina.'" Alifuta uso kwa pindo la sketi. "Alikuwa anakutetea, kumbe huna hata udhuru wa kukosa maneno."

Alichokuwa nacho Fulgencio alikuwa ameshakiimba. Wapigaji waliurudia mzunguko wa wimbo mara mbili kumngojea mtu amjibu. Hakutokea. Kisha bibi mmoja mwuza kahawa akatoa ubeti kuhusu mkwewe mvivu, watu wakacheka, miguu ikarudi mbaoni, na wimbo ukaendelea na safari yake.

Wiki iliyofuata aliacha dirisha wazi. Kutoka shuleni watoto waliimba ubeti wa Hermilo, wote kwa pamoja, wakafika mwisho wake, "si la vita", wakanyamaza mahali pa jibu, kama walivyozoea. Kengele ikalia, wakaingia madarasani.