Mbuzi wa Bi Zaituni na Makapi ya Embe

Jamani, nilidanganya watu wawili, mbuzi mmoja akaniumbua.

Hapa kijijini Olumbi nakamua juisi ya embe, na makapi yake miaka yote huwa ya mbuzi wa jirani yangu, Bi Zaituni. Msimu huu nikaanza kuyakanda kwa nazi na sukari, nikayaanika, nikayakata vitafunwa. Vitamu hivyo! Kwa kuona haya kumnyima jirani, nikamwambia embe zimeadimika.

Juzi akaja senyora mmoja, bibi afisa wa kilimo kutoka mjini Pemba, anatafuta kikundi cha kukipa mashine ya kukaushia matunda. Akaonja, akauliza nimetumia nini.

"Embe nzima tupu, senyora," nikajibu kwa maringo. Ningemwambiaje mgeni kuwa anakula makapi?

Mara mbuzi akaingia mbio, akatia mdomo kwenye sahani. Bi Zaituni akamfuata, kamba mkononi. Akaokota kitafunwa kimoja, akakitafuna taratibu.

"Kumbe makapi yangu ndiyo haya!" akapaza sauti. "Mbuzi kabaki mifupa, nawe waniambia embe zimeadimika, mwanangu!"

Nikatamani ardhi inimeze. Senyora akanikazia macho.

"Makapi?" akauliza, na mkono wake tayari umerudi kwenye sahani.