Mchezo wa Ndagala

Enzi zetu, sisi tulioanza mwaka wa kwanza Bujumbura wakati wa vita, mtoto alikwenda shule na ardwazi yake, kile kibao cheusi cha kuandikia kwa chaki, na mfuko wa vizibo vya chupa za kuhesabia. Ukipoteza vizibo, ulizunguka kwenye buveti za Jabe ukiinama chini ya meza za wanywaji. Siku hizi binti yangu anahesabu kwa simu, na chaji ikiisha, hesabu nayo imekwisha! Sisi a, e, i, o, u tuliziimba kwa kelele mpaka wauza maandazi sokoni wakawa wanaitikia.

Mwalimu wetu, Madamu Josefina, alikuwa mwembamba mwenye sauti nzito ambayo hukutegemea itoke kwenye kifua kile. Fimbo hakuwa nayo, sauti ilitosha. Alitufundisha kushika chaki, kufuta ardwazi kwa kitambaa na siyo kwa mate, kupenga kamasi nje. Na alitufundisha mchezo wa ndagala. Mnawajua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, jinsi wanavyoanikwa juani bega kwa bega. Madamu akisema "Ndagala!" tulijitupa sakafuni kifudifudi, kimya kabisa. Aliyetikisika ameliwa na paka. Akisema "Mvua!" tuliruka juu kwa vicheko, maana mvua ikija ndagala huanuliwa haraka.

Lakini mvua ilikuwa ya Madamu peke yake. Alikuwa akimtuma mwanafunzi mkubwa apite dirishani aite "Mvua!" na sisi wajinga tuliinuka, tukaliwa na paka. Baadaye hata direkta, mkuu wa shule, aliita, hakuna aliyeinua kichwa.

"Sauti yangu tu," Madamu alituambia. "Hata mama yako akikuita, apana kuinuka."

Tulicheza karibu kila siku. Milio ya bunduki huko vilimani tulikuwa tumeizoea, wala hatukuuliza mchezo ule ni wa nini.

Asubuhi moja Zaituni, jirani yangu wa dawati, binti wa muuza vitambaa wa mtaa wa Asiatique, aliomba ruhusa aende bombani kulowesha kitambaa chake. Kabla hajarudi, soko la Jabe likanyamaza. Jamani, sijui nieleze vipi. Soko halinyamazi asubuhi. Kelele zote zilikatika pamoja, hata za kuku. Halafu milio ikaanza, karibu sana, vumbi likatudondokea kutoka darini.

"Ndagala!"

Tukalala. Shavu langu likiwa sakafuni, niliona viatu vya buluu vya Madamu vikienda mlangoni, vikasimama kidogo, vikatoka. Alikwenda kumtafuta Zaituni.

Zaituni alirudi peke yake. Akalala mahali pake, kando yangu, miguu imelowa maji ya bomba. Akaninong'oneza: "Madamu anasema mulale. Anakuja."

Tukamngoja. Niliogopa hadi nikajikojolea, na bado sikutikisika. Milio iliisha. Mtu akapita nje akiburuta kitu kwenye changarawe, akasimama mlangoni petu, tukamsikia anavyopumua. Kisha akaenda zake. Jua likahama ukuta huu likafika ule. Alasiri, zamu wetu, yule mlinzi wa shule aliyeujua mchezo wetu, akaita kwa sauti ya kutetemeka: "Mvua! Mvua, watoto!" Hakuna aliyeinuka.

Ndipo wakaja akina mama. Fikirieni walichokikuta: darasa zima limelala kifudifudi, safu kwa safu, na hakuna mtoto anayeitikia jina lake. Mmoja akaanza kilio cha msiba, wenzake wakakipokea. Mama yangu alipiga magoti akanigeuza. Nikafumba macho.

"Mutoto wangu, lamuka. Ni mi, mama yako."

Nilimpenda mama kuliko kitu chochote duniani, na nilinyamaza. Machozi yake yalinidondokea shingoni, nikanyamaza. Mpaka alipoweka kiganja puani mwangu.

"Anapumua!" akapiga kelele. "Muangalie na wenu, wanapumua!"

Walitubeba migongoni tukiwa tumekakamaa. Madamu hakuja. Hakuonekana tena, siku ile wala baadaye, na hakuna aliyetuambia yaliyompata. Tulipewa mwalimu mwingine, akatufundisha kusoma vizuri tu. Ndagala hatukucheza tena.

Sasa binti yangu naye yuko mwaka wa kwanza, begi zito kuliko mwenyewe, na chakula akikikataa anabembelezwa kama mgeni wa heshima. "Papa, nyinyi mulijifunza nini?" aliniuliza juzi. Nikamjibu: kusoma na kuhesabu. Namwonea wivu mtoto huyu, na nashukuru Mungu kwamba namwonea wivu.

Jumamosi nilimpeleka Asiatique kununua kitambaa cha sare. Duka lile la vitambaa siku hizi ni la Zaituni. Alikuwa anapima, tunapiga soga za bei, mara matone yakaanza kugonga mabati. Binti yangu akakimbilia mlangoni, mikono juu.

"Mvua! Papa, mvua!"

Mkasi wa Zaituni ukasimama. Mimi nikagundua nimebana pumzi. Tukatazamana, watu wazima wawili wenye mvi, tumekauka palepale tuliposimama.

"Si yeye," Zaituni akasema taratibu, akaendelea kukata.