Kilo Sitini za Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi cherehani, na kuanzia sokoni hadi ufukweni wanamwita Futikamba. Hana haja ya kukupima. Ukipita mbele ya kibanda chake umeshashonwa: kiuno, mabega, urefu wa mkono, na kama umekula mchana au bado. Wanawake wa mtaani humwambia, "Futi, uwe unatazama pembeni bwana!" Naye hujibu kwamba macho hayana pazia.

Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumkadiria, naye ni mama yangu. Tangu anioe, mama akitokea yeye huinamisha kichwa na kutazama kucha za miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Mama ni mwanamke mkubwa. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana mimi mwenyewe nafuata njia hiyo hiyo na sijapotea. Nguo zake alikuwa akishonewa na fundi wa mtaa wa pili, kwa sababu mkwe kumzungushia mkwewe futi kiunoni lilikuwa jambo lisilosemeka.

Baba alipofariki aliacha mashua. Ililala juu ya magogo nyuma ya nyumba ya mama, mbao zimeachana, kuku wanataga ndani yake. Kaka yangu alikuwa ameshampata mwenye hoteli mmoja aliyetaka kuiweka bustanini na kupanda maua ndani yake. Futi aliposikia habari ya maua hakula siku hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka na baba kila siku ya mapumziko. Hakujua kuvua wala kuogelea, alikaa tu katikati na kopo la kutolea maji, na baba alimwita nahodha wa kopo. Alimpenda yule mzee kuliko nilivyompenda mimi, na sioni haya kulisema.

Akamwendea mama, macho kwenye kucha. "Mama, nipe mimi. Nitaitengeneza, nitaitia mashine, irudi majini."

Mama akafikiri. "Haya, itengeneze. Siku itakayonifikisha kwenye mwamba alipokuwa akitega nyavu baba yenu, ikanirudisha bila mtu kushika kasia, ni yako. Ikishindwa, shemeji yako aiuze kwa huyo mtu wa maua."

Basi nikapata mke mwenzangu wa mbao. Futi alibadilisha mbao zilizooza, akaikalafati nyufa zote kwa pamba na mafuta, akaipaka rangi iliyobaki kwenye geti la jirani. Hata mito ya kulalia ilinuka mafuta. Siku ya kununua mashine nilikwenda naye, maana namjua. Fundi nguo ukimwacha peke yake na vyuma vinavyong'aa anaweza kukurudia na ndege.

Na kweli, tulipoingia dukani alikwenda moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote, nyeusi, nguvu ya farasi arobaini. Akaizunguka, akaipapasa kama ng'ombe wa mnadani.

"Mama watoto, tazama hii!"

"Naiona. Farasi arobaini tutawalisha nini?"

Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye kalamu sikioni. Akauliza urefu wa mashua, upana wake, na kimo cha ubao wa nyuma unaobeba mashine. Futi akataja vyote bila kutazama karatasi. Dada akatikisa kichwa. "Hiyo arobaini itazamisha tezi huko nyuma, omo mbele itazame mawingu. Chukua hii ya kumi na tano, kaka. Wewe unakwenda kuvua, hufukuzwi na mtu." Nikamwona Futi akiiaga ile nyeusi kwa macho.

Ikabaki propela. Dada akaweka mbili mezani, zinalingana ukubwa, ila mapanga ya moja yalikuwa yamepinda zaidi. "Propela ina hatua, kama mtu," akasema. "Hii hatua yake ndefu. Kila ikizunguka inakupeleka mbali, lakini inataka chombo chepesi. Hii nyingine hatua yake fupi. Haikimbii, ila inabeba. Sasa niambie ukweli, utabeba nini?"

"Mimi, mke wangu, nyavu, na..." Futi akanitupia jicho. "Na mama mkwe."

"Ana kilo ngapi?"

Mwanamume anayeijua shingo yako ungali ng'ambo ya barabara akainama, akatazama kucha zake. "Sitini," akasema.

Nikamfinya. Ningesema mwenyewe, lakini niliogopa mama angenisikia kutoka nyumbani. Dada akanitazama juu hadi chini, na nadhani alishuku kwamba kilo sitini zisingeweza kunizaa mimi, lakini mteja ni mteja. Tukaondoka na hatua ndefu.

Njiani nikamwambia, "Baba watoto, umemkata mama yangu nusu."

"Sasa nimwite mama yako mzito mbele za watu? Heshima iko wapi?"

"Heshima haielei," nikamwambia.

Siku ya majaribio ufuko ulijaa. Kaka alikuja na yule mwenye hoteli, wakiwa wameshaanza kubishana juu ya maua mekundu na ya njano. Mama akaja na kilemba kipya, akaingia chomboni, na mashua ikashuka ikapumua. Futi akavuta kamba, mashine ikawaka mara ya kwanza, watu wakapiga makofi. Akatia gia. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikatetemeka kama mwenye homa, nasi tukasogea kwa mwendo wa bibi harusi. Bata mmoja alitupita. Hatujafika hata kwenye maboya, ikazima. Akaiwasha, ikazima tena. Tukarudi kwa kasia.

"Mashua yako hiyo inakuja!" kaka alimwambia mwenye hoteli, kwa sauti ili tusikie. Futi alikuwa anapiga kasia huku machozi yanamtoka, na mimi nilitamani kulichukua lile kasia nimpige nalo kaka yangu.

Mama hakuwa na haraka ya kushuka. "Mkwe wangu, mashine ina nini?"

"Propela, mama. Si ya mzigo huu."

"Mzigo gani?"

Futi akarudi kwenye kucha zake. Mama akauliza tena, "Huko dukani ulisema mimi nina kilo ngapi?"

"Si... sitini, mama."

"Sitini nilikuwa nazo kabla sijaota magego," mama akasema. Akashuka, akapanda moja kwa moja hadi soko la samaki, kwenye ile mizani ya kupimia matenga. Akaamuru tenga liondolewe, akasimama juu yake. "Someni."

Wauza samaki wote wakapata kazi ghafla. Mmoja akaanza kuparua samaki aliyekwisha paruliwa. Mama akamwita kaka. Kaka akautazama mshale, akatabasamu. "Sabini na mbili tu, mama. Umepungua kweli!"

"Toka hapo. Mkwe wangu, njoo. Inua kichwa."

Futi akaja. Kwa mara ya kwanza tangu anioe akamtazama mama, kisha mshale, nami nikajua kwamba jicho lake lilikuwa limekwisha pata jibu kabla ya mshale.

"Mia na kumi na nne, mama," akasema, na sauti ikafika majini. Kisha akaongeza, "Labda kilemba nusu kilo."

Hakuna aliyecheka. Mama akashuka taratibu. "Baba yenu alinipima kwenye mizani hii hii, akasoma kwa sauti kuliko wewe. Nilinuna, nilisusa hadi chakula. Lakini maji ya chombo chake hayakuwahi kunifika kisiginoni. Anayenidanganya uzito nchi kavu ataniua majini." Akamgeukia kaka. "Na safari ya leo haihesabiki. Mimi sikuwemo. Aliyekuwemo ni mwanamke wa kilo sitini." Mwenye hoteli akaambiwa maua yake akayapande kwenye beseni.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tukarudi kwa yule dada, akatubadilishia propela huku anacheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni. Kesho yake mashua ilikwenda polepole, bila kukohoa, hadi mwambani. Pale Futi alizima mashine. Mama akayatazama maji, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Futi akachukua kopo, akaanza kutoa maji ambayo hayakuwemo. Tulimwacha atoe mpaka atosheke, kisha akawasha mashine, akaturudisha nyumbani kwa mashua yake.

Wiki iliyopita mama alikuja kibandani na kitambaa chake mkononi. Futi akasimama na futikamba, macho yakaanza kuteremka kwenye kucha.

"Zungusha, mkwe wangu," mama akasema. "Na usome kwa sauti."